Vinywaji Visivyo na Kilevi kwa Aliyeambiwa Ana Saratani: Tathmini ya Mnywaji wa Zamani

Vinywaji ninavyovitathmini hapa ni vile vinavyouzwa kwa sura na jina la pombe ilhali kilevi chake kimeondolewa au hakikuruhusiwa kukua: bia, mvinyo, na siku hizi hata vimiminika vya rangi vinavyojiita mbadala wa pombe kali. Tathmini nyingi za bidhaa hizi huandikwa kwa ajili ya dereva, mwanamichezo, au mtu aliyeamua kuupumzisha mwili kwa mwezi mmoja. Mimi naandika kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, yaani yule ambaye ameambiwa ana saratani, alikuwa na mazoea ya kunywa, na sasa anajiuliza kama glasi ile inabaki katika maisha yake au inaondoka. Saratani yangu ilikuwa ya utumbo mpana, nikafanyiwa upasuaji na kisha nikawekwa kwenye tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, na katika kipindi hicho chote nilivinywa vinywaji hivi mara kwa mara, vingine kwa furaha na vingine kwa kukunja uso. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: bia isiyo na kilevi inamfaa sana mtu anayeikosa glasi, lakini haimfai, na pengine inamhatarisha, mtu anayekikosa kilevi chenyewe.

Kabla ya kufika kwenye chupa ni lazima tuseme kwa nini swali hili lipo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliviweka vinywaji vyenye kilevi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, kundi lile lile lenye moshi wa sigara na asbesto. Kundi hilo hueleza uthabiti wa ushahidi na wala si ukubwa wa hatari, kwa hiyo haina maana kwamba glasi moja ni sawa na pakiti ya sigara. Maana yake ni kwamba wanasayansi hawabishani tena kuhusu kama pombe husababisha saratani. Saratani zinazohusishwa nayo kwa ushahidi wa kutosha ni za mdomo, koromeo, zoloto (kisanduku cha sauti), umio (mrija wa chakula), ini, utumbo mpana pamoja na rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo), na matiti kwa wanawake. Ethanoli, yaani kilevi chenyewe, inapoingia mwilini huvunjwa kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoiharibu DNA na kuzizuia seli zisijirekebishe, na kwa wanawake pombe hupandisha pia kiwango cha homoni ya estrojeni. Katika hili bia, mvinyo na pombe kali hazina ubora wala unyonge mbele ya nyingine, kwa sababu kinachodhuru ni ethanoli iliyomo ndani ya zote, na ile hadithi ya mvinyo mwekundu kuwa dawa haimsaidii mtu mwenye uvimbe. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Hayo yote, hata hivyo, yanajibu swali la mtu ambaye bado hajaugua. Mgonjwa anauliza jingine: ugonjwa tayari ninao, je, kuacha sasa kutanisaidia nini? Hapa ndipo majibu yanapoanza kutofautiana, na mgonjwa anayesikia daktari mmoja akikataza kabisa na mwingine akisema kidogo si neno asidhani kwamba mmoja wao ni mzembe. Kwa saratani za mdomo, koo na zoloto jambo liko wazi: anayeendelea kunywa baada ya matibabu ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya pili katika maeneo hayo hayo, na wakati wa tiba ya mionzi pombe huviunguza vidonda ambavyo tayari vinamtesa. Kwa mwenye saratani ya ini, au mwenye ini lililokwisha kuchoka, hakuna la kujadili. Kwa saratani ya matiti, tafiti zilizochunguza kama unywaji mdogo baada ya matibabu huurudisha ugonjwa zimetoa majibu yanayopingana, ndiyo maana utawasikia madaktari wakipima maneno yao. Mwaka 2023 shirika lile la Lyon lilichapisha tathmini yake kuhusu faida ya kupunguza au kuacha pombe, likasema ushahidi unatosha kwa saratani ya mdomo na ya umio, na kwa zoloto, utumbo mpana na matiti upo lakini bado ni mchache. Mimi mwenye saratani ya utumbo nilijikuta katika sehemu hiyo ya katikati, ambako hakuna anayekukataza kwa sauti kubwa wala anayekuruhusu kwa moyo mweupe.

Daktari wangu bingwa wa saratani hakunipa amri. Aliniuliza maswali mawili: ninakunywa kiasi gani kwa wiki bila kupunguza hesabu, na nikiacha, ni kitu gani hasa nitakikosa. Swali la kwanza huulizwa na kila mhudumu wa afya, na lina sababu nzito nitakayoirudia mbele. Swali la pili ndilo lililonipeleka kwenye rafu ya vinywaji hivi, kwa sababu nilipolifikiria niligundua kwamba sikuwa nakosa kulewa hata kidogo. Nilikuwa nakosa uchungu ule wa kwanza ulimini baada ya kazi, baridi ya chupa mkononi, na haki ya kuketi na wenzangu bila mtu kuniangalia kwa huruma. Atakayejibu kama mimi na aendelee kusoma sehemu ya ladha. Atakayejibu kwamba anakosa usingizi unaoletwa na pombe, au kusahau kunakoletwa nayo, aruke hadi karibu na mwisho.

Jambo la kwanza la kutathmini ni lebo, na hapa watengenezaji wengi hawastahili sifa. Maneno "bila kilevi" hayana maana moja duniani. Uingereza mwongozo wa serikali unataka kinywaji kinachoitwa hivyo kisizidi asilimia 0.05 ya kilevi. Ujerumani bia yenye hadi asilimia 0.5 huuzwa kwa jina hilo hilo. Na Marekani maneno yanayomaanisha "isiyo ya kilevi" huruhusiwa chini ya asilimia 0.5, wakati yale yanayomaanisha "haina kilevi kabisa" hayaruhusiwi mpaka kilevi kisionekane hata kwa kipimo. Kwa kuwa bidhaa hizi husafirishwa kutoka nchi hadi nchi, chupa mbili zinazosimama pamoja kwenye rafu moja zinaweza kuwa zimeandikwa kwa sheria mbili tofauti. Chupa moja niliyoinunua ilikuwa na sifuri ya bluu mbele, kubwa kama sarafu, na nyuma, chini ya orodha ya viungo, kwa herufi zilizonilazimu kuigeuzia chupa kwenye mwanga, pakaandikwa "chini ya 0.5". Siutaji mtengenezaji wake, lakini sifuri ile ilikuwa ya kuvutia macho tu.

Je, hiyo nusu asilimia ina uzito gani? Tupige hesabu. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 13 za kilevi safi. Chupa ya ukubwa huo huo yenye asilimia 0.5 ina gramu 1.3. Kwa hiyo chupa kumi za namna hii ndizo zinazolingana na bia moja ya kawaida, na sijamwona mtu mzima anayeweza kuzimaliza kumi kwa kikao kimoja bila kuchoshwa na gesi. Kwa mgonjwa ambaye nia yake ni kupunguza, nusu asilimia haimharibii kitu kikubwa. Kwa aliyekatazwa kabisa, kwa aliyewahi kuwa mraibu, na kwa anayetumia dawa isiyopatana na kilevi, atafute 0.0 na asikubali kubembelezwa na muuzaji.

Suala la dawa nitalipitia kwa haraka kwa sababu jibu lake lazima litoke kwa mfamasia anayeijua orodha yako. Prokabazini, inayotumika kwa baadhi ya saratani za limfu, ikikutana na pombe inaweza kumletea mtu uso kuwaka, kutapika na moyo kwenda mbio. Methotreksati hulilemea ini, na pombe huliongezea mzigo. Mofini na dawa za jamii yake zikichanganywa na kilevi zinaweza kupunguza upumuaji hadi kiwango cha kuua, na hili ndilo ninalotaka wanaouguza wagonjwa wa maumivu makali walizingatie kuliko yote. Kuna kinaya kimoja ambacho kilinichekesha wodini: dosetakseli, dawa inayotumiwa sana kwa saratani ya matiti na ya tezi dume, huyeyushwa kwa ethanoli katika baadhi ya matoleo yake, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba mgonjwa anaweza kuinuka kwenye dripu akiwa amelewa. Mtu anahangaika kuiacha pombe mezani, inamfuata kwenye mshipa.

Sasa ladha. Bia hizi hutengenezwa kwa njia mbili kuu, na tofauti yake mtu huionja hata kama haijui. Njia ya kwanza ni kutengeneza bia kamili kisha kuondoa kilevi, ama kwa kuipasha moto katika ombwe, yaani chombo kilichonyonywa hewa, ili ethanoli ichemke kwenye joto dogo, mbali na zile nyuzi 78 inazozihitaji katika hali ya kawaida, ama kwa kuisukuma kupitia utando mwembamba unaopitisha kilevi na maji na kuzuia sehemu kubwa ya vilivyobaki. Njia ya pili ni kuizuia chachu isifanye kazi yake hadi mwisho, ama kwa kuipoza mapema ama kwa kutumia chachu isiyoweza kuila sukari ya kimea. Bia ya njia ya pili karibu kila mara ina utamu wa uji wa shayiri uliosahauliwa jikoni, na baada ya nusu glasi huchosha. Ile ya njia ya kwanza, ikiwa imewekewa hopsi za kutosha, yale maua yanayoipa bia uchungu, hufika karibu sana na bia yenyewe: povu lake ni jeupe na halidumu kama la bia ya kawaida, linashuka haraka na kuacha mkufu mwembamba ukingoni mwa glasi, lakini uchungu wake unakuja mahali pake na unaondoka kwa wakati wake. Kinachokosekana ni ule ujoto wa kooni. Mara nyingi lebo haisemi waziwazi njia iliyotumika. Mimi huangalia sukari, na bia yenye sukari nyingi huirudisha ilipokuwa.

Sukari hiyo si suala la ulimi peke yake. Wengi wetu tukiwa kwenye tibakemikali hupewa deksamethasoni ili kuzuia kichefuchefu, na dawa hiyo hupandisha sukari ya damu hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kisukari. Kinywaji chenye kimea kitamu katika siku hizo kinaongeza jambo ambalo tayari linahitaji kuangaliwa. Vilevile tibakemikali huubadili ulimi. Kwangu mimi kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma, maji yakiwemo, na ajabu ni kwamba bia chungu isiyo na kilevi ilikuwa mojawapo ya vitu vichache ambavyo ladha yake haikupotoshwa, kwa kuwa uchungu wa hopsi uliufunika uchuma ule. Wiki iliyofuata vidonda vya mdomoni vilipotokea, kinywaji kile kile kikawa adhabu, maana gesi yake ilichoma kila mahali palipochubuka. Kwa hiyo sifa ninayoipa bia hii ni sifa ya majira: mwenye vidonda aiache, na mwenye mfuko wa haja tumboni akumbuke kwamba gesi anayoinywa lazima itafute njia ya kutokea, na mfuko utajaa upepo wakati ambao hakuutarajia.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likielezwa vya kutosha, nalo ni usalama wa vijidudu. Kilevi ni mojawapo ya vitu vinavyoilinda bia dhidi ya bakteria. Kikiondolewa, kinywaji kinabaki na virutubisho vyote na ulinzi uliopungua, hasa kama uchachu na hopsi zake pia ni kidogo. Chupa au kopo lililofungwa kiwandani na kupashwa moto wa kuua vijidudu halina tatizo, lakini bia isiyo na kilevi inayotolewa kwenye bomba la baa, kupitia mipira ambayo hujui ilisafishwa lini, simshauri mtu ambaye chembechembe zake nyeupe za damu, zile za kinga, zimeshuka. Kama uko katikati ya mzunguko wa dawa, omba chupa, ifunguliwe mbele yako, na uinywe palepale.

Mvinyo usio na kilevi sikuupenda, na nimejaribu kuupenda. Katika bia kilevi ni sehemu ndogo ya mwili wa kinywaji. Katika mvinyo ni asilimia 12 au zaidi, na kinapoondolewa huondoka na harufu pamoja na uzito wote, kinachobaki ni maji makali ya zabibu ambayo mtengenezaji huyarekebisha kwa sukari. Mwekundu ndio mbaya zaidi, kwa sababu ukakasi wake unabaki peke yake bila kitu cha kuulainisha. Mweupe wenye mapovu unavumilika ukiwa baridi sana, na kwa sherehe unatosha kumwezesha mgonjwa kuinua glasi bila kutoa maelezo. Mwenye umio uliochomwa na mionzi asiuguse, kwa kuwa asidi yake haikuondoka na kilevi. Kuhusu vimiminika vinavyoiga pombe kali, vingi ni maji yenye viungo na pilipili inayowasha koo ili ubongo udanganyike, na sioni sababu ya mgonjwa kuviingiza mwilini.

Sasa nirudi kwa yule niliyemwambia aruke. Kama kinachokosekana ni kilevi chenyewe, chupa hizi zinaweza kufanya kinyume cha zilivyokusudiwa, maana harufu, sauti ya kifuniko na umbo la glasi ni vichocheo vile vile vilivyoufunza mwili kusubiri pombe, na watu wengi walioacha baada ya uraibu huambiwa na washauri wao wajiepushe navyo kabisa. Zaidi ya hayo, mtu anayekunywa sana kila siku asibadilishe bia yake kwa hii ghafla kwa sababu ameshtushwa na majibu ya vipimo. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona visivyokuwepo na kupata degedege, hali inayoweza kuua, na hutibika kwa dawa na vitamini B1 chini ya uangalizi. Hii ndiyo sababu ya lile swali la kwanza la daktari. Mgonjwa anayesema "kidogo tu" kwa aibu, kisha akalazwa kwa upasuaji, anawaachia madaktari wa usingizi na wauguzi tatizo wasilolijua, ambalo huchomoza siku ya pili au ya tatu wakati kila mtu anadhani ni homa ya kidonda. Kwa wanywaji wakubwa wanaosubiri upasuaji, programu za kuacha zinazoanza wiki 4 hadi 8 kabla zimeonekana kupunguza matatizo ya baada ya kupasuliwa, kwa hiyo kusema ukweli mapema kuna faida inayopimika. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 linaloitwa AUDIT linalosaidia kuujua ukubwa wa jambo, na ni bora kulijibu pamoja na muuguzi kuliko kulijibu peke yako usiku.

Kwa upande wangu, upasuaji na tibakemikali vilipokwisha nilipata ruhusa isiyo na shauku ya kunywa mara chache. Nilimimina bia ya kawaida, nikaifurahia nusu ya kwanza, na nusu ya pili niliinywa nikiwa natafakari asetaldehaidi, hali ambayo siwezi kuiita starehe. Tangu hapo naagiza isiyo na kilevi, ile chungu, iliyoondolewa kilevi baada ya kutengenezwa kamili, yenye 0.0 mbele na nyuma ya chupa. Wapo wenzangu wa kliniki waliochagua kubaki na glasi moja ya mvinyo wa kweli mara chache kwa mwaka, baada ya kuzungumza na madaktari wao na kuujua uzito wa wanachokichagua, na siwezi kusema wamekosea, hasa wale ambao matibabu yao sasa ni ya kutuliza maumivu na si ya kuponya, na wanapima kilichobaki kwa mizani tofauti na yangu. Ninachowashauri wote, wa glasi ya kweli na wa glasi ya sifuri, ni kuipeleka chupa yenyewe au picha ya lebo yake kwa mfamasia wa kliniki, kwa maana yeye ndiye anayeijua dawa utakayopewa Jumatatu.